Matunda Yana Sukari, Lakini Hatari ya Mtoto Imo Kikombeni

Mwezi huu, katika ukurasa wetu wa afya, tunapenda kuzungumza na wazazi, walezi, mabibi na mababu juu ya jambo lililozua ubishi katika nyumba nyingi za parokia zetu. Je, mtoto akila matunda kila siku, anakula sukari nyingi mno?

Zamani mzazi hakuwa na sababu ya kuuliza hivyo. Mtoto alipanda mwembe, akala, akashuka na doa la utomvu kwenye shati, na kama alichapwa, alichapwa kwa ajili ya shati wala si kwa ajili ya embe. Lakini siku hizi kisukari kimeingia katika familia zetu. Ziko jumuiya ambazo hazimalizi sala bila kumwombea mgonjwa wa kisukari. Babu amekatazwa sukari kwenye chai, shangazi ana kidonda cha mguu kisichopona, na kila mtu nyumbani ameanza kuogopa kitu chochote kitamu. Hofu hiyo ina sababu. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi inamwangukia asiye na kosa.

Tumekutana na mama mmoja, mcha Mungu na mpenda watoto, aliyewakataza wanawe ndizi mbivu na maembe kwa kuwa yana sukari. Nyuma ya nyumba yake upo mpapai unaozaa vizuri. Mapapai yote anamwuzia mwenye genge. Kisha Jumapili baada ya Misa, kwa fedha ileile ya mapapai, anawanunulia watoto soda na biskuti ili nao wafurahi kama wenzao. Hatusemi haya ili kumcheka. Tunayasema kwa sababu, tulipomsikiliza vizuri, tuliona kwamba wengi wetu tunafanya vivyo hivyo bila kujua.

Kwa hiyo tunatoa msimamo wetu mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma mpaka mwisho aondoke nao. Tunda zima, linalotafunwa kwa meno, halimpi mtoto mwenye afya sukari ya kumdhuru. Sukari inayodhuru watoto wetu inatoka kwenye kikombe cha chai, kwenye bakuli la uji, kwenye chupa na kwenye mfuko wa pipi.

Kweli matunda yana sukari

Kwanza tuseme kweli. Anayesema kwamba matunda yana sukari hasemi uongo. Chungwa moja la wastani lina karibu gramu 12 za sukari. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 14. Gramu 100 za nyama ya embe zina gramu 14 hivi, za nanasi kama 10, za papai kama 8, na za tikiti maji kama 6. Tukikumbuka kwamba kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa huchukua kama gramu 4 za sukari, basi chungwa moja lina sukari ya vijiko vitatu.

Mzazi akisikia hesabu hiyo anaweza kushtuka. Lakini hesabu ya sukari peke yake haitoshi. Lazima tuulize pia sukari hiyo imekuja na nini, na inaingia mwilini kwa mwendo gani.

Sukari ya chungwa imefungwa ndani ya vijifuko vidogo vidogo, na kuta za vijifuko hivyo ni nyuzinyuzi. Mtoto lazima atafune. Tumbo nalo lazima lifanye kazi ya kuvunja kuta hizo. Kwa hiyo sukari inaingia kwenye damu polepole, na tumbo linashiba kabla mtoto hajala kupita kiasi. Wachache ni watoto wanaoweza kumaliza machungwa manne kwa mkupuo mmoja. Lakini glasi moja ya juisi yatokanayo na machungwa matatu au manne mtoto huimaliza kwa pumzi moja, kisha anasema, "Mama, nataka nyingine." Nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, na sukari ya machungwa yote imeteremka tumboni pamoja, kama maji.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 juu ya sukari, halikuziweka sukari zote katika kapu moja. Shirika hilo linatutaka tupunguze sukari inayoongezwa na kiwanda, na mpishi au na mlaji mwenyewe, pamoja na sukari iliyomo katika asali, sharubati na juisi za matunda. Sukari iliyomo ndani ya matunda mazima, mboga na maziwa haihesabiwi humo, kwa kuwa haukupatikana ushahidi kwamba inadhuru.

Tena tusisahau kwamba chakula cha kwanza cha kila mwanadamu ni kitamu. Maziwa ya mama yana kama gramu 7 za sukari ya maziwa katika kila mililita 100. Utamu wenyewe si dhambi. Muumba ndiye aliyeuweka katika titi la mama na katika embe.

Tufanye hesabu ya siku moja

Mwongozo huo unasema sukari ile ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayopata mtu kwa siku katika chakula, na ni bora zaidi isizidi asilimia 5. Mtoto wa miaka mitano anahitaji kama kalori 1,300 kwa siku. Asilimia 5 yake ni kama gramu 16, yaani vijiko vinne vya chai. Asilimia 10 ni vijiko vinane. Hapo ndipo mwisho.

Sasa tumfuate mtoto wetu siku ya Jumapili. Asubuhi amekunywa uji wenye vijiko vitatu vya sukari. Baada ya Misa amepewa soda. Soda nyingi zina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, hivyo chupa ya mililita 350 ina vijiko tisa hivi. (Mwenye shaka asome maandishi yaliyo ubavuni mwa chupa.) Jioni amekunywa chai yenye vijiko viwili. Jumla ni vijiko kumi na vinne, na bado hatujahesabu pipi aliyopewa na mjomba.

Mtoto huyo amepita mara tatu na zaidi kile kiasi kilicho bora. Na je, kama angekula chungwa moja na ndizi moja siku hiyohiyo? Katika hesabu hii asingeongeza hata kijiko kimoja. Hapo ndipo tunapomwona yule mama mwema akifunga mlango wa mbele dhidi ya ndizi, huku mlango wa nyuma umeachwa wazi.

Mtoto asiyekula matunda anakosa nini?

Kumnyima mtoto matunda si jambo dogo. Tuanze na damu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, zikiwemo malaria, minyoo na uhaba wa madini ya chuma katika chakula. Watoto wetu wengi hupata madini hayo kutoka kwenye maharage na mboga za majani kuliko kutoka kwenye nyama. Lakini chuma cha maharage na mchicha mwili haukichukui kwa urahisi. Vitamini C ikiwepo katika mlo uleule, mwili hukichukua vizuri zaidi. Chai, kinyume chake, hukizuia. Kwa hiyo mtoto anayekula ugali na maharage kisha akapewa kipande cha chungwa au pera, anapata faida kubwa kuliko yule anayeteremshia chai ya sukari.

Tumetaja pera, na tungependa kulitetea kidogo. Watu wengi hulidharau kwa kuwa linaota lenyewe vichakani na watoto huliokota njiani. Lakini pera lina vitamini C kama mara nne ya chungwa kwa uzito uleule, na nyuzinyuzi nyingi. Mjini tunaona wazazi wanajinyima ili wanunue matofaa yaliyotoka Afrika Kusini, wakidhani ndiyo matunda ya afya. Tofaa ni tunda zuri, lakini kwa vitamini C halifikii pera hata kwa mbali. Mwenye mpera asijione maskini.

Embe na papai, kwa ule umanjano wao, humsaidia mtoto kupata vitamini A, ambayo hulinda macho na kumpa nguvu ya kupambana na maradhi. Nyuzinyuzi nazo hulainisha choo. Mwuulize muuguzi yeyote wa zahanati ni watoto wangapi huletwa wakilia kwa choo kigumu, wakati papai linaozea uani.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwingine. Linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 angalau gramu 350, na kuanzia miaka 10 angalau gramu 400. Tuangalie vizuri: limesema angalau. Katika nyumba nyingi tunazozijua, mtoto hafiki hapo. Sisi tunabishana kama matunda yamezidi, na kumbe hayajatosha.

Je, matunda yataleta kisukari, minyoo au kuoza meno?

Kisukari kinachowapata watoto wengi wagonjwa wa maradhi hayo hakiletwi na kula matunda wala sukari. Kinga ya mwili wenyewe hushambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo asijilaumu. Kile kingine, ambacho zamani tulikiona kwa watu wazima tu, kinahusiana sana na unene wa kupita kiasi, na vinywaji vya sukari ni njia mojawapo ya kuufikia unene huo. Mwaka 2013 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofuatilia kwa miaka mingi wahudumu wa afya zaidi ya 187,000 wa Marekani. Waliokula matunda mazima mara nyingi zaidi walipata kisukari hicho kwa uchache zaidi, na waliokunywa juisi nyingi walikipata zaidi. Ingawa walikuwa watu wazima, somo lake linatufaa sote.

Mtoto akianza kunywa maji mno, kukojoa mara kwa mara, kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, na kukonda ingawa anakula, asipewe dawa za kienyeji wala asingojewe mpaka wiki ijayo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo akapimwe sukari. Na mtoto ambaye tayari ana kisukari, wazazi wasimkatie matunda kwa uamuzi wao. Wafuate mpango wa kliniki yake, kwa maana matunda yana nafasi yake kwa kipimo.

Kuhusu minyoo, wazee wetu walituambia kwamba vitu vitamu huzaa minyoo. Kwa heshima yote, hapo hapakuwa na ukweli. Mayai ya minyoo hutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, na huingia kwa mikono na matunda yasiyooshwa. Dawa yake ni choo bora, sabuni na maji safi, wala si kulikimbia embe.

Meno ni habari ya kusikilizwa zaidi. Wadudu wa kinywani hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. Kadiri meno yanavyoguswa na sukari mara nyingi kwa siku, ndivyo yanavyooza. Tunda linaloliwa mara moja na kumalizika si tatizo kubwa. Tatizo ni pipi ya kumumunya asubuhi mpaka jioni, chupa ya juisi anayolala nayo mtoto mchanga, na muwa unaotafunwa kutwa nzima. Muwa si tunda. Maji yake ni sukari hasa. Watoto wapige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi.

Yanayohitaji kiasi

Tusije tukaeleweka kwamba tunaruhusu kila kitu kinachoitwa tunda.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji tunda wala juisi wala maji. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha. Kuanzia miezi sita apewe papai au ndizi iliyopondwa kwa kijiko pamoja na vyakula vingine. Juisi, hata ile isiyotiwa sukari, wataalamu wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2017 kwamba asipewe kabla ya mwaka mmoja, na baada ya hapo iwe kidogo. Sisi tunasema kiu ya mtoto ikatwe kwa maji safi yaliyochemshwa, na chungwa alile.

Matunda yasichukue nafasi ya chakula. Mtoto aliyeshiba ndizi saa tano hataki tena maharage wala dagaa saa saba, na ndizi haina protini ya kumkuza. Kipande kinacholingana na ngumi ya mtoto mwenyewe, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya chakula, kinatosha kwa nyumba nyingi.

Kwa mtoto mdogo ondoeni kokwa na mbegu, kateni vipande vidogo, na ale akiwa amekaa, si akikimbia, asije akapaliwa.

Ule ubuyu mwekundu unaouzwa kwenye vifuko, ingawa ndani yake imo mbegu ya tunda, tuuhesabu pamoja na pipi. Hali kadhalika jamu na matunda ya kopo yaliyolowekwa katika maji ya sukari.

Na kwa mtoto ambaye hataki papai mpaka linyunyiziwe sukari, mzazi asikate tamaa. Ulimi hufundishwa. Punguza kijiko kimoja cha sukari katika uji wiki hii, kingine baada ya wiki mbili, na mahali pake ponda ndizi mbivu ndani ya uji. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tuanze na sisi wenyewe

Sisi nasi tunayo ya kuungama. Katika sherehe za Komunyo ya Kwanza tulizohudhuria na kusaidia kuandaa, tulipanga kreti za soda mpaka mlangoni, tukagawa keki na pipi, na hapakuwa na tunda hata moja mezani. Wakati huohuo malori yaliyosheheni machungwa ya Muheza yalikuwa yanapita barabarani kwenda Dar es Salaam, na wakulima wetu walikuwa wanalalamika kwamba bei imeanguka na mengine yanaoza chini ya miti. Watoto wa mkulima wa machungwa wakanywa soda yenye ladha ya chungwa. Aibu hiyo ni yetu sote.

Tunajua soda imekuwa alama ya heshima. Mgeni akipewa chungwa anaweza kudhani amedharauliwa. Lakini heshima tuliitengeneza wenyewe, na wenyewe tunaweza kuigeuza. Tunapendekeza kwa mabaraza ya walei na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo kwamba katika sherehe ijayo kila jumuiya ilete tenga moja la matunda ya msimu: machungwa na machenza, mapapai, mapera, mananasi, na kutoka Lushoto peasi na plamu. Yaoshwe, yakatwe, yapangwe kwenye sinia kubwa mbele ya watoto. Soda ikibaki, ibaki kidogo, kwa siku hiyo moja ya mwaka.

Tunapendekeza tena kwamba kila mtoto anayepata Kipaimara apande mti mmoja wa matunda nyumbani kwao. Asiye na shamba apande mpapai kando ya nyumba. Mpapai ukitunzwa huanza kuzaa katika mwaka wake wa kwanza, na hauhitaji fedha ila maji ya kuoshea vyombo na uvumilivu.

Na wewe mama mwenye mpapai nyuma ya nyumba, hatukukatazi kuuza. Tunajua ada na sare za shule hazingoji. Lakini katika kila mapapai matano, mawili yabaki nyumbani. Yapasue jioni baada ya ugali, wape watoto, nawe ule. Halafu Jumapili ile fedha ya soda inunue daftari.